Shule za amali: kabla ya kuhesabu majengo, tuhesabu mbao ambazo watoto wataruhusiwa kuziharibu

Randa ya Mufindi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, amepangiwa kidato cha kwanza kwenye shule ya serikali yenye mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za vitendo, fani ya useremala. Dada kanipigia simu analia, na si kwa furaha. Anasema mtoto kafaulu vizuri, sasa kwa nini anapelekwa kuchonga mbao kama aliyefeli? Tumeongea karibu saa nzima. Nimeona niyaweke hapa niliyomwambia, maana wazazi wengi wako kwenye hali hiyohiyo. Ila mimi nina hofu tofauti kabisa na ya dada, na hiyo ndiyo hasa iliyonileta.

Kwa ambao hawajafuatilia: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeigawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Wa amali ulianza na kidato cha kwanza cha 2024 kwenye shule chache, na Rais Samia akaizindua sera yenyewe Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Mtoto wa amali hajaondolewa darasani. Hisabati anasoma, Kiingereza anasoma, Historia ya Tanzania na Maadili anasoma, Elimu ya Biashara anasoma. Juu ya hayo anabeba fani, kutegemea shule yake ina nini: uashi, umeme, uchomeleaji, ushonaji, kilimo na nyinginezo. Lengo ni amalize kidato cha nne akiwa na cheti cha sekondari na cheti cha ufundi.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, miaka ya sabini sekondari zetu zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Na shule za ufundi zenyewe zina umri mkubwa. Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru, Musoma, nani hajui majina hayo? Pale Ifunda palikuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadaye pakawa shule ya mafundi. Kutoka huko vijana walikwenda vyuo vya ufundi: Dar Tech ambayo sasa ni DIT, Arusha Tech, na Mbeya Tech ambayo sasa ni MUST. Mainjinia wengi wa umri wangu na kwenda juu walianza kwa kushika tupa na jiliwa.

Mimi nimesoma shule mojawapo ya ufundi, nilianza 1991. Sitaitaja, kwa sababu nina la kulalamika, na walimu wangu walifanya kila walichoweza.

Muhula wa kwanza wa useremala hatukutengeneza kitu. Si stuli, si sanduku. Mwalimu alimpa kila mmoja kipande cha paini cha futi moja, akasema: nataka uso mmoja ulionyooka na ubavu mmoja uliokaa mraba na huo uso. Basi. Sisi tukacheka, tukajua ni kazi ya dakika kumi. Ukimaliza kupiga randa unampelekea. Anachukua skwea, anaiweka juu ya ubao, halafu anauinua usawa wa dirisha. Haangalii ubao, anaangalia mwanga. Uzi wa mwanga ukipita chini ya skwea, anakurudishia bila kusema neno. Mimi nilirudishiwa mara kumi na moja. Kipande changu kilikuja unene wa inchi mbili, kikaishia wembamba wa rula ya shule, nikapewa kingine. Hicho cha pili ndicho kilichoziba mwanga. Hadi leo nikiingia karakana yangu nikapiga randa, mkono wangu unajua umekaa sawa kabla macho hayajajua.

Sasa tazameni gharama ya somo hilo. Wanafunzi arobaini, kila mmoja vipande viwili vitatu, vyote vikaishia kuwa pumba. Hakuna kiti kilichotoka pale cha kumwonyesha mgeni rasmi, kilichotoka ni mikono arobaini inayojua mraba ni nini.

Kidato cha tatu mbao zikaisha. Hakukuwa na tangazo, zilipungua tu. Tukaanza kufanya viungo wawili wawili, kisha wanne wanne, wawili wanakata na wawili wanatazama. Mwishowe tukawa tunachora kiungo cha ulimi na tundu kwenye daftari kwa penseli. Nilikichora vizuri sana. Siku ya mtihani wa vitendo tukapewa ubao na patasi, na wenzangu waliokuwa hodari wa daftari wakapasua ulimi kwa pigo la kwanza. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alikaa pale benchi ameshika vipande viwili, anajaribu kuvirudisha pamoja kama sahani iliyovunjika. Na shule yetu ilikuwa nyanda za juu, msitu wa Sao Hill hauko mbali. Malori ya mbao yalikuwa yanapita barabarani tukiyaona.

Hofu yangu ndiyo hiyo, wakuu. Nasoma habari kila wiki: karakana imejengwa, jengo limekamilika, mashine zimefika. Nafurahi, nasema kweli. Lakini jengo linajengwa mara moja, mbao zinaisha kila wiki. Chukueni uchomeleaji. Fimbo moja ya geji 12 inaungua kwa dakika moja hivi. Mtoto anayeanza anahitaji fimbo ishirini, tena kwa huruma, ili tu aweze kuvuta mstari usiokatika. Watoto arobaini, hizo ni fimbo mia nane, kama kilo 15, na hapo bado hajaunga chuma na chuma. Nani ameziweka kwenye bajeti? Ruzuku ya uendeshaji ya mwanafunzi wa sekondari iliwekwa shilingi 25,000 kwa mwaka enzi za MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, na ilipangwa ikimfikiria mtoto wa chaki na daftari.

Ninachoomba: shule ya amali iwe na fungu lake la vifaa vinavyoisha, lihesabiwe kwa kichwa cha mwanafunzi na kwa fani, lifike kabla muhula haujaanza. Mtoto ana haki ya kuharibu. Akinyimwa hiyo hajasoma amali, amesoma hadithi ya amali.

Naomba kuwasilisha. Waliopita shule hizi, walimu, wazazi, karibuni.

---

Mama Wawili Dom

Kaka umenigusa. Binti yangu ni wa kidato cha pili, amali, ushonaji. Baba yake mpaka leo hajakubali, anasema alimpeleka shule, hakumpeleka kwa fundi cherehani. Nyumbani ikitajwa shule hiyo anatoka nje. Swali langu: akitaka kuendelea form five au chuo, mlango upo kweli? Maana tunaambiwa upo, ila nataka kusikia kwa aliyepita.

---

Randa ya Mufindi

Dada, mlango upo kwa sababu masomo ya jumla bado anayafanyia mtihani. Ila nisikufiche, mzigo wake ni mzito kuliko wa mwenzake wa mkondo wa jumla, siku inajaa. Msimamie hisabati na Kiingereza, hayo ndiyo funguo za chuo chochote. Darasa letu tulitawanyika: wapo waliokwenda Arusha Tech, wapo waliokwenda kidato cha tano kama wengine, mmoja ni mwanasheria. Hakuna aliyeniambia kuwa kushika patasi kulimpunguzia kitu.

Na nikupe la kufanya. Ukienda shuleni, usiombe kuonyeshwa vyerehani. Vyerehani watakuonyesha wenyewe. Omba kuona leja ya stoo: muhula huu kimeingia kitambaa mita ngapi, na kila mtoto ameshakata mita ngapi.

---

Ticha wa Zamu

Mleta uzi, mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye shule iliyoingizwa mkondo huu. Naandika kwa heshima zote kwa mwajiri wangu. Ulichosema kuhusu vifaa ni kweli, lakini ongeza mtu. Hodari wa kuchomelea si lazima ajue kufundisha, na aliyesomea ualimu si lazima amewahi kushika mashine. Mwenye vyote viwili ni adimu kama mvua ya Agosti Dodoma. Sisi tuna mmoja. Akiugua, karakana inafungwa kwa kufuli na funguo anakaa nazo mkuu, na ni sawa afanye hivyo, kwa sababu siwezi kukubali kusimamia watoto na mashine ya kukatia vyuma ambayo mimi mwenyewe sijaifundishwa. Jiwe lile likipasuka, linaruka.

Jambo jingine ni vifaa vya kujikinga. Miwani, glavu, buti. Navyo vinaisha. Nimeona watoto wakipeana kinga ya uso zamu kwa zamu, anayesubiri amefumba macho kwa kiganja.

---

Mchumi wa Buguruni

Ndugu zangu, nitakwenda kinyume kidogo, mnivumilie. Michepuo mnayoisifia ilipimwa. Benki ya Dunia ilitoa utafiti mwaka 1985 uliohusu Colombia na Tanzania, ukaonyesha kwamba wahitimu wa michepuo hawakuwazidi wenzao wa sekondari za kawaida kwenye soko la ajira kwa kiasi kinacholingana na gharama ya ziada. Karakana ni ghali, mwalimu wa fani ni ghali, vifaa ndivyo hivyo mmesema vinaisha. Tunayo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tangu sheria ya 1994, kazi yake ni hiyo. Kwa nini fedha hizohizo zisiende VETA, sekondari ikabaki kufundisha kusoma, kuandika, hesabu na sayansi vizuri? Mtoto anayejua hesabu vizuri atajifunza ufundi miezi sita. Asiyejua hesabu atakuwa kibarua wa fundi maisha yake yote.

---

Randa ya Mufindi

Mchumi, nashukuru umeleta hoja yenye mfupa. Utafiti huo ni wa kweli, na sehemu ya gharama siwezi kuipinga, mimi mwenyewe nimeandika aya nzima kuhusu gharama. Lakini kumbuka hali ya wakati ule. Sekondari zilikuwa chache, aliyemaliza kidato cha nne alikuwa mtu, aliitwa ofisini, awe amesoma kilimo au sayansikimu. Mwenye mchepuo wa ufundi angeonekanaje tofauti, wakati wote wawili wanapewa meza? Leo aliyemaliza kidato cha nne yupo kijiweni, na sera sasa inataka kila mtoto apite miaka kumi ya elimu ya lazima. Ukichukua watoto wote wa nchi hii ukawaweka miaka kumi kwenye dawati, halafu ukawaambia VETA watawapokea, VETA haina vitanda vya kuwatosha.

Kuhusu hesabu sipingi hata nukta. Ila mimi trigonometria niliielewa siku mwalimu alipotupa kazi ya kukata kenchi. Kabla ya hapo ilikuwa nyimbo tu. Pembe ikikataa kufunga na ubao umeshakatwa mfupi, hesabu inakuuma mfukoni.

---

Pwani Si Kenya Peke Yake

Salaam kutoka Mtwapa. Nanyi majirani someni kwetu. Mwaka 1985 sisi Kenya tulipoanza mfumo wa elimu wa 8-4-4 tuliambiwa haya haya: mtoto atoke shule na kazi mkononi. Wazazi wakafanya harambee, wakajenga karakana. Marehemu baba yangu alitoa mawe ya matumbawe mkokoteni mzima. Jengo likasimama zuri la kupendeza. Vifaa havikuja, ama vilikuja mara moja vikakwisha. Mtihani wa sanaa na kazi za mikono ukikaribia, mama zetu walikuwa wakienda sokoni kununua kikapu kilichosukwa tayari, tunakwenda nacho shule tukasema tumesuka sisi. Walimu wajua, wazazi wajua, sote twanyamaza. Mwishowe ile karakana ikawa ghala la mahindi ya shule, na masomo mengi ya ufundi yakaondolewa kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa.

Sasa mtaala wetu mpya umefika sekondari ya juu, Gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na mwanafunzi achagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Kijana wangu ataka umeme. Mimi nataka naye, lakini kila nikiingia lango la shule natafuta kwa macho lile ghala la mahindi.

---

fundi_stima_Kahama

Nakazia hoja ya mleta uzi, nami niongeze upande wa cheti maana wazazi hawauoni. Mimi ufundi umeme nilijifunza kwa mjomba, sikwenda chuo. Naweza kufunga nyumba nzima, kuanzia kuchimbia bomba za ukutani mpaka mita. Lakini kazi ikiwa kubwa kidogo wanakuuliza leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na leseni inataka cheti. Miaka tisa nilifanya kazi kwa jina la mwenye leseni, yeye anakuja siku ya mwisho kusaini, anaondoka na fungu lake. Mpaka nilipokwenda VETA kwenye ule utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi wa mtaani, wakanipima, nikapata cheti, ndipo nikapumua.

Mtoto wa amali akimaliza na cheti cha ufundi akiwa na miaka kumi na saba, hiyo miaka tisa yangu ameiruka. Dada wa Dodoma, mwambie shemeji hivyo.

Ila cheti hicho kiwe cha kweli. Umeme hausamehe mtu aliyejifunza kwa mchoro. Mtoto lazima aunge saketi, aijaribu, iruke fyuzi, atafute kosa, aunge tena. Nyaya zile zile zinakatwa mpaka zinakuwa vipande vya kidole. Mimi niko tayari kupeleka mabaki ya nyaya, soketi na swichi za zamani kwenye shule yoyote ya jirani yangu hapa. Mafundi tunazo gunia kwa gunia, tunawauzia watu wa chuma chakavu.

---

Ticha wa Zamu

Fundi, wazo hilo la mabaki nimelinukuu kwenye daftari langu. Shuleni tukipokea tunaandika kwenye leja kama vifaa vingine, hakuna tatizo. Ila nisingependa igeuke kisingizio kwamba kwa kuwa jamii inatoa, fungu halina haja. Mabaki yanafundisha kuunga. Hayafundishi kupima nyumba mpya tangu mwanzo.

---

Mchumi wa Buguruni

Mleta uzi, bado sijahama, lakini nimesogea. Nikubali kitu kimoja: kama serikali imeshaamua kuwa na shule hizi, basi kuziendesha bila vifaa ni hasara kubwa kuliko kutozijenga, maana unalipa jengo, unalipa mwalimu, halafu unakosa kile ulichojengea. Hapo tuko pamoja. Shule chache zenye mbao za kutosha, kabla ya shule nyingi zenye mabango.

---

Randa ya Mufindi

Chache zenye mbao. Ndugu, hilo ningelisaini leo.

---

Mama Wawili Dom

Wakuu, narudi na mrejesho. Jumamosi nilikwenda shule, na baba yake nikambembeleza tukaenda wote. Nikamwomba mkuu wa shule leja ya stoo kama kaka alivyonielekeza. Alishangaa kidogo, lakini akaitoa, na namshukuru kwa hilo. Muhula huu walipokea amerikani jora moja. Watoto wa fani ni thelathini na nane. Zimebaki mita kumi na mbili na muhula haujafika katikati. Akasema mwalimu wao ameanza kupita kwa mafundi wa soko la Majengo kuomba mabaki ya vitambaa, na wanampa. Wazazi tuliokuwepo tumekubaliana kukaa kikao, na barua ya kwenda halmashauri tumeiandika palepale, kuomba fungu la kitambaa na uzi.

Halafu binti akatuletea kazi yake. Ni kola tu, kola ya shati, haina shati. Ameishona, mwalimu akaifumua, ameishona, ikafumuliwa, mara tatu. Matundu ya sindano ya zamani yanaonekana pembeni ya mshono mpya. Alikuwa anaona aibu, anaificha kwa kidole. Baba yake akaichukua, akaipeleka dirishani, akaipindua ndani nje, akapitisha ukucha kwenye ncha zote mbili kuona kama zimelingana. Hakusema kitu. Akaikunja akaitia mfuko wa shati lake, tukapanda daladala.

---

Randa ya Mufindi

Dada, akishaitoa mfukoni usiifue. Iweke na hayo matundu yake.